Mionzi na Kisu katika Tiba ya Saratani ya Umio

Mgonjwa wa saratani ya umio mara nyingi huieleza historia ya ugonjwa wake kwa vyakula alivyoviacha. Kwanza nyama ilimkwama, akaacha nyama. Kisha ugali ukawa hauteremki bila kusukumwa na maji, akahamia kwenye wali. Baadaye ikawa uji, halafu maziwa na supu, na siku anapofika hospitali ya rufaa hata mate yake mwenyewe anayameza kwa shida. Katikati ya safari hiyo huwa amekwisha kupewa dawa za vidonda vya tumbo mara mbili au tatu, na uzito wake umepungua kiasi kwamba nguo zake zinamvaa yeye badala ya yeye kuzivaa.

Mbele ya mgonjwa huyo daktari huwa na silaha kuu tatu: kisu cha mpasuaji, mionzi na dawa za tibakemikali. Kwa zaidi ya miaka thelathini watafiti wamekuwa wakijiuliza silaha hizo zitumikeje: ipi itangulie, ipi ifuate, na ni mgonjwa gani anayeweza kuepushwa na mojawapo. Makala haya yanaeleza majibu yaliyopatikana hadi sasa, na jinsi mhudumu wa afya na mgonjwa wa Afrika Mashariki wanavyoweza kuyatumia.

Umio na uvimbe wake

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima. Huanzia nyuma ya koo, hupita kifuani kati ya bomba la hewa na uti wa mgongo, hupenya kiwambo na kuishia kwenye mfuko wa tumbo. Mambo mawili ya kimaumbile huifanya saratani yake kuwa ngumu kutibu. La kwanza ni kwamba mrija huu hutanuka kirahisi. Uvimbe hukua kwa muda mrefu ndani yake kabla ya chakula kuanza kukwama. La pili ni kwamba umio hauna utando wa nje unaofunika sehemu kubwa ya utumbo. Uvimbe unapopenya misuli, huwa umekwisha kufika jirani na bomba la hewa, mshipa mkuu wa damu na mfuko wa moyo, na mara nyingi seli zake huwa zimeingia katika tezi za limfu zilizo kando ya umio wote, kuanzia shingoni hadi tumboni.

Kuna aina kuu mbili za saratani hii. Ya kwanza hutokana na seli bapa zinazotanda ndani ya umio, na hukaa zaidi katika sehemu ya juu na ya kati. Ya pili hutokana na seli za tezi, na hukaa chini, karibu na mfuko wa tumbo. Hii huhusishwa na unene uliopita kiasi na kucheua asidi kwa muda mrefu. Katika Ulaya Magharibi na Marekani aina ya pili imekuwa nyingi zaidi. Katika ukanda unaoteremka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, karibu wagonjwa wote wana aina ya seli bapa, na wengi wao hawajafikia uzee.

Sababu za ukanda huu kuelemewa na ugonjwa huo zimechunguzwa na watafiti walioshirikiana katika vituo vya Eldoret, Moshi na Blantyre. Tumbaku na pombe vina nafasi yake. Vinywaji vya moto sana navyo vina nafasi: mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Chai si adui. Joto lake ndilo linalounguza utando. Kuiacha ipoe kwa dakika chache ni kinga isiyogharimu hata senti.

Kisu peke yake na mpaka wake

Mwaka 1913, jijini New York, mpasuaji Franz Torek aliondoa umio wenye saratani kutoka kifuani mwa mwanamke mwenye umri wa miaka 67. Hakuwa na njia ya kuunganisha sehemu zilizobaki, hivyo mgonjwa alikula kwa kutumia mpira uliopita nje ya mwili, kutoka shingoni hadi tumboni. Mama huyo aliishi zaidi ya miaka kumi baada ya upasuaji. Mwaka 1946 Ivor Lewis wa Uingereza alieleza upasuaji wa kupitia tumboni na kifuani upande wa kulia, ambapo mfuko wa tumbo hutengenezwa kuwa mrija na kuvutwa juu ili uchukue nafasi ya umio. Upasuaji huo, pamoja na maboresho mengi, ndio unaotumika hadi leo.

Upasuaji huu ni mzito. Hufungua sehemu mbili au tatu za mwili, huchukua saa nyingi, na humhitaji mgonjwa akae katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hatari zake kuu ni tatu. Maungio kati ya umio uliobaki na mrija wa tumbo yanaweza kuvuja. Mapafu yanaweza kupata nimonia. Mshipa wa fahamu unaoendesha kikoromeo unaweza kuumia na sauti ikafifia. Jaribio lililofanyika katika hospitali za Ulaya na kutangazwa mwaka 2012 lilionyesha kwamba upasuaji wa kutumia matundu madogo na kamera ulipunguza maambukizi ya mapafu katika wiki mbili za kwanza kutoka asilimia 29 hadi 9. Pia imethibitika katika nchi nyingi kwamba vifo hupungua katika hospitali zinazofanya upasuaji huu mara kwa mara. Mkono uliozoea, muuguzi aliyezoea na chumba cha mahututi kilichozoea ni sehemu ya tiba.

Hata hivyo, ustadi wa mpasuaji una mpaka. Mpasuaji anaweza kuondoa anachokiona na anachokigusa. Seli chache zilizobaki pembeni ya bomba la hewa, au zilizokwisha kusafiri katika limfu, hazionekani kwa macho wala hazishikiki kwa vidole. Ndiyo maana wagonjwa wengi waliopasuliwa vizuri walirudi baada ya mwaka mmoja au miwili wakiwa na ugonjwa uleule. Swali likawa: je, zipo njia za kuzishambulia seli hizo kabla kisu hakijaingia?

Namna mionzi inavyofanya kazi

Mionzi ya tiba hutoka katika mashine ya kobalti au ya LINAC na kuelekezwa kwenye uvimbe kwa vipimo vya milimita. Inapopita ndani ya seli hukata nyuzi za DNA. Seli ya kawaida ina uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza baada ya dozi ndogo. Seli ya saratani huwa na uwezo hafifu, na inapojaribu kugawanyika hufa. Kwa sababu hiyo dozi kubwa hugawanywa katika vipande vidogo vinavyotolewa siku tano kwa wiki, ili tishu nzima zipate nafasi ya kupona kati ya kipande kimoja na kingine. Kipimo chake huitwa grei.

Dawa za tibakemikali zinapotolewa katika majuma hayohayo hufanya kazi mbili: huongeza makali ya mionzi ndani ya uvimbe, na huzifuata seli zilizotoroka mbali na eneo la mionzi. Nguvu ya muungano huo ilidhihirika katika jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 1992. Wagonjwa ambao hawakupasuliwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata mionzi peke yake, grei 64. Kundi la pili lilipata mionzi pungufu, grei 50, pamoja na dawa za sisplatini na fluorourasili. Baada ya miaka mitano, katika kundi la mionzi peke yake hakuna aliyekuwa hai. Katika kundi la pili takriban robo walikuwa hai. Tangu hapo, mgonjwa anayetibiwa kwa lengo la kupona na ambaye mwili wake unamudu dawa hapewi mionzi peke yake. Majaribio ya baadaye ya kuongeza dozi kupita grei 50 hayakuleta nafuu ya ziada.

Jaribio la CROSS na yaliyofuata

Jaribio lililobadilisha tiba katika sehemu kubwa ya dunia lilifanyika Uholanzi kati ya mwaka 2004 na 2008, likatangazwa mwaka 2012 kwa jina la CROSS. Wagonjwa 366 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipasuliwa moja kwa moja. Kundi la pili lilipata kwanza mionzi ya grei 41.4 katika vipande 23, pamoja na dawa za karboplatini na paklitakseli mara moja kwa wiki kwa wiki tano, kisha likapasuliwa.

Matokeo yalikuwa wazi. Wapasuaji waliweza kuondoa saratani yote bila mabaki pembezoni kwa asilimia 92 ya waliotangulizwa mionzi na dawa, dhidi ya asilimia 69 ya waliopasuliwa moja kwa moja. Nusu ya kundi la upasuaji peke yake walikuwa wamefariki kufikia miezi 24; katika kundi la pili nusu hiyo haikufikiwa hadi miezi 49. Vifo vya hospitalini havikuongezeka: vilikuwa asilimia 4 katika kila kundi. Baada ya miaka kumi, asilimia 38 ya waliopata tiba zote walikuwa hai, dhidi ya asilimia 25.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, habari kubwa zaidi ilikuwa ndani ya takwimu hizo. Wengi wa wagonjwa wa CROSS walikuwa na saratani ya seli za tezi; wenye seli bapa walikuwa chini ya robo. Lakini hao wachache ndio walionufaika zaidi. Mwanapatholojia alipoupima umio uliotolewa, karibu nusu ya wenye seli bapa hawakuwa na hata seli moja hai ya saratani. Uvimbe ulikuwa umeyeyushwa wote na mionzi na dawa kabla ya kisu.

Watafiti wa China waliliuliza swali hilohilo kwa wagonjwa 451, wote wa seli bapa. Mwaka 2018 walitangaza kwamba nusu ya waliotangulizwa mionzi na dawa waliishi zaidi ya miezi 100, ilhali kwa waliopasuliwa moja kwa moja kiwango hicho kilikuwa miezi 66.

Njia haikuishia hapo, wala matokeo yote hayakuelekea upande mmoja. Japani, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2024, tibakemikali yenye dawa tatu bila mionzi kabla ya upasuaji wa seli bapa iliwapa wagonjwa maisha marefu kuliko dawa mbili, wakati kuongeza mionzi juu ya dawa mbili hakukuonyesha tofauti ya uhakika. Na kwa saratani ya seli za tezi, jaribio la Ujerumani liitwalo ESOPEC, lenye wagonjwa 438, lilionyesha kwamba dawa nne zinazotolewa kabla na baada ya upasuaji zilishinda mpango wa CROSS: nusu ya wagonjwa waliishi miezi 66 dhidi ya 37. Kwa hiyo jina la jumla, saratani ya umio, halitoshi tena kuamua tiba. Aina ya seli ni lazima ijulikane, na haijulikani bila biopsi.

Je, kila mgonjwa ni lazima apasuliwe?

Ikiwa karibu nusu ya wenye seli bapa hukutwa hawana saratani iliyobaki, basi baadhi yao wamepasuliwa pasipo haja. Hoja hii imezaa tafiti nyingine.

Nchini Ufaransa, wagonjwa ambao uvimbe wao ulipungua baada ya mionzi na dawa waligawanywa: kundi moja likapasuliwa, jingine likaendelea na mionzi na dawa. Kati ya hao 259, walio wengi mno wakiwa wa seli bapa, walioishi miaka miwili walikuwa asilimia 34 katika kundi la upasuaji na 40 katika kundi la pili. Waliofariki ndani ya miezi mitatu ya kwanza walikuwa asilimia 9 na chini ya asilimia 1. Hata hivyo, ambao hawakupasuliwa walirudiwa zaidi na uvimbe mahali palepale, na wengi zaidi walihitaji kuwekewa mpira wa kupanua umio. Upasuaji, kwa maneno mengine, ulilinda njia ya chakula kuliko ulivyorefusha maisha.

Watafiti wa Uholanzi walikwenda hatua nyingine katika jaribio la SANO. Wagonjwa waliomaliza mionzi na dawa, na ambao baada ya wiki 12 za uchunguzi wa makini hawakuonekana kuwa na saratani, ama walipasuliwa kama kawaida au waliwekwa chini ya uangalizi wa karibu na kupasuliwa pale tu ugonjwa uliporudi. Baada ya miaka miwili walio hai walikuwa asilimia 74 katika uangalizi na 71 katika upasuaji. Karibu nusu ya waliokuwa katika uangalizi walirudiwa na ugonjwa mahali palepale, lakini wengi wao bado waliweza kupasuliwa. Waliobaki walihifadhi umio wao.

Hapa panahitaji tahadhari kubwa. Uangalizi wa SANO haukuwa kumwambia mgonjwa aende nyumbani, arudi akizidiwa. Ulikuwa ratiba ya endoskopia yenye biopsi za kina, kipimo cha mawimbi ya sauti kutoka ndani ya umio, na picha za PET-CT, vikirudiwa kila baada ya miezi michache. Mgonjwa anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka mahali penye endoskopia, na ambaye nauli ya kurudi inategemea mavuno, hayumo katika uangalizi hata kama faili lake limeandikwa hivyo. Kabla ya kumshauri mgonjwa aepuke upasuaji, timu haina budi kujiuliza swali moja la ukweli: je, tutamwona tena kwa wakati?

Kutoka kwenye jaribio hadi wodini

Takwimu za CROSS haziwezi kuhamishwa kama zilivyo. Jaribio lile halikupokea mgonjwa aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, wala mwenye uvimbe unaozidi sentimita 8. Masharti hayo mawili peke yake yangewaacha nje wagonjwa wengi wanaofika katika hospitali za rufaa za kanda yetu. Hilo halimaanishi kwamba matokeo yale hayatuhusu. Linamaanisha kwamba kazi ya kwanza ni kuwafanya wagonjwa wengi zaidi wafike wakiwa bado wanastahili tiba hiyo. Kazi hiyo huanzia kwenye zahanati.

Kanuni kwa mhudumu wa ngazi ya kwanza ni nyepesi. Mtu mzima anayelalamika kwamba chakula kinamkwama anahitaji endoskopia, na apewe rufaa siku hiyohiyo. Kumpa dawa ya kupunguza asidi na kumwambia arudi baada ya mwezi ni kuupa uvimbe mwezi mmoja. Umri mdogo usimdanganye mhudumu. Katika ukanda huu wagonjwa wa miaka thelathini si ajabu.

Jambo la pili ni lishe. Mgonjwa aliyekonda hawezi kumaliza wiki tano za mionzi na dawa, na kidonda chake cha upasuaji hakifungi vizuri. Chakula kilicholainishwa na kuongezewa nguvu, kama uji wenye maziwa, mayai, karanga zilizosagwa na mafuta, kianze siku ugonjwa unapotambuliwa. Ikiwa kumeza hakutoshi, mpira wa kulishia utahitajika. Hapa wahudumu wengi hukosea kwa nia njema: mpira unapopitishwa kwenye ukuta wa mfuko wa tumbo unaweza kuharibu sehemu ileile ambayo mpasuaji angeitumia kutengeneza umio mpya. Kwa mgonjwa anayeweza kupasuliwa, mpasuaji aulizwe kwanza. Mara nyingi mpira wa puani au unaoingia kwenye utumbo mwembamba ndio ufaao.

Stenti nayo ina mahali pake. Ni mrija wa wavu wa chuma unaoachwa ndani ya umio ili ushikilie njia wazi. Kwa mgonjwa mwenye matumaini ya kupona haiwekwi kwa haraka, kwa kuwa inaweza kutoboa umio, kuhama, au kuvuruga upasuaji unaokuja. Uamuzi wa stenti ufanywe baada ya hatua ya ugonjwa kujulikana, si kabla.

Jambo la tatu ni mwendelezo wa mionzi. Seli bapa za saratani, zikipewa mapumziko yasiyopangwa, huanza kuzaana upya kwa kasi. Siku anayoikosa mgonjwa kwa sababu ya nauli, mashine kuharibika au msiba haiwi siku tupu. Ni siku ambayo uvimbe umejijenga. Kituo chenye wagonjwa wa seli bapa hakina budi kuwa na mpango wa kufidia siku zilizopotea, na familia ielezwe mapema kwamba mgonjwa atahitaji mahali pa kulala karibu na hospitali kwa wiki tano au sita.

Pale lengo linapokuwa kumeza

Kwa wagonjwa wengi, saratani huwa imekwisha kufika kwenye ini, mapafu au bomba la hewa, na tiba ya kuponya haiwezekani tena. Kusema hivyo si kumaliza kazi. Mtu anayeweza kunywa uji mbele ya wajukuu wake na kumeza mate yake bila kutema kwenye kopo amerudishiwa jambo kubwa.

Njia ni kadhaa. Stenti hufungua njia ndani ya siku chache. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, mamia ya wagonjwa wamewekewa stenti kwa kutumia endoskopia bila mashine ya eksirei ya kuongozea, na matokeo yaliyochapishwa yameonyesha kwamba njia hiyo ni salama mahali penye vifaa vichache. Mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi hupitishwa kwenye mrija mwembamba hadi kwenye uvimbe, hufanya kazi taratibu zaidi lakini hudumu. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2004 lililowalinganisha wagonjwa 209 lilionyesha kwamba stenti iliwafungua haraka, ilhali dozi moja ya mionzi ya ndani, grei 12, iliwapa nafuu ya muda mrefu na matatizo machache. Kwa hiyo mgonjwa aliyebakiwa na wiki chache hufaidika na stenti. Aliyebakiwa na miezi hufaidika na mionzi.

Mionzi ya nje kwa siku chache nayo husaidia kumeza, hupunguza maumivu na huzuia kutoka damu. Mwaka 2018, jaribio lililohusisha wagonjwa 220 lilionyesha kwamba, kwa lengo hilo la kutuliza, kuongeza dawa za tibakemikali juu ya mionzi hakukuleta nafuu ya kumeza iliyo dhahiri, bali kuliongeza madhara. Palipo na nia ya kutuliza, mionzi peke yake yatosha. Na mgonjwa anayekohoa kila anapokunywa maji apelekwe hospitali bila kuchelewa: huenda kuna tundu kati ya umio na bomba la hewa, na stenti iliyofunikwa ndiyo inayoweza kuliziba.

Maswali yanayoulizwa na wagonjwa

Je, kukatwa kipande cha kupima au kupasuliwa kunaisambaza saratani? Hapana. Imani hii hutokana na yale yanayoonekana: mgonjwa amefika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, akapimwa, akafariki miezi michache baadaye. Kipimo kilifuata ugonjwa, hakikuutangulia.

Je, mionzi huunguza? Katika wiki ya pili au ya tatu umio huvimba na kumeza huuma zaidi kabla ya kupata nafuu. Maumivu hayo yana dawa, na hupungua wiki chache baada ya mionzi kwisha. Wagonjwa wasioambiwa haya mapema hudhani tiba imeshindikana, nao huondoka wakiwa wamebakiza siku kumi tu. Mgonjwa wa mionzi ya nje hana mionzi inayobaki mwilini. Anaweza kumbeba mtoto na kula pamoja na familia yake.

Maisha yakoje baada ya kuondolewa umio? Mfuko wa tumbo uliogeuzwa kuwa mrija hauwezi kupokea sinia moja la chakula. Mtu hula kidogo mara sita au zaidi kwa siku, haendi kulala mara tu baada ya kula, na hulala kichwa kikiwa kimeinuliwa. Huchukua miezi kuzoea, na uzito haurudi wote. Lakini wengi hurejea shambani, dukani na darasani.

Hitimisho

Utafiti wa miaka thelathini umefundisha mambo ambayo hayana budi kufika hadi kwenye zahanati. Kwa mgonjwa anayeweza kuponywa, kisu peke yake hakitoshi tena. Saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo yetu, huyeyuka kwa mionzi na dawa kuliko ile iliyo nyingi Ulaya. Kumwepusha mgonjwa na upasuaji kunawezekana pale tu penye uangalizi wa kweli. Na pale ambapo kuponya hakuwezekani, kumrudishia mtu uwezo wa kumeza ni tiba kamili kwa haki yake.

Hakuna kati ya haya kinachoanza na mashine. Huanza siku mtu mmoja anaposema, huku akiona haya kidogo, kwamba ugali unamkwama, na mwenzake aliyevaa koti jeupe anaposimamisha kalamu na kuuliza: tangu lini?